Fri boli kwenye snuka: nyekundu ukiiona upande mmoja tu
Mambo mkuu, umeuliza mwenzako kacheza faulo, nyekundu imebaki moja, kahawia imeiziba nusu, je ni fri boli? Ndiyo, ni yako, yaani unaruhusiwa kutaja mpira mwingine uupige kama vile ndo nyekundu. Cheki kwanza ukiwa nyuma ya mpira mweupe, unaweza kuigonga nyekundu kingo zote mbili, kulia na kushoto, kwa mstari ulionyooka? Ukingo mmoja tu ukizibwa na mpira mwingine unapewa, ila ukizibwa na kona ya mfuko hupewi, na hapo ndo tunagombana sana huku Sinza. Ukitaja bluu ukaizamisha ni pointi 1 siyo 5, bluu inarudishwa mezani afu unapiga rangi (mpira wa rangi yoyote isiyo nyekundu). Ukikosa kuizamisha, usimwache mwenzako kafichwa nyuma ya hiyo bluu, hiyo nayo faulo.