Kabla ya kumlaumu mtoto, kagua simu ya nyumbani

Ushauri mwingi kuhusu watoto na mitandao umeandikwa kana kwamba kila mtoto ana simu yake. Hapa Kigoma mara nyingi sivyo. Ujiji, Katonga, Buzebazeba, mtoto wa darasa la sita anashika simu ya mama aliyetoka kuuza dagaa Kibirizi, au ya kaka yake. Simu hiyohiyo ina hela, ina WhatsApp ya kikoba, ina picha za familia nzima, na laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha mzazi. Mtu mbaya akimpata mtoto, amevipata na vyote hivyo. Ndiyo maana tunawaambia wazazi waanze na simu, mahubiri yatafuata.

Jambo la kwanza ni mwaka wa kuzaliwa. Akaunti nyingi za watoto hufunguliwa na kaka, rafiki au fundi simu, naye huandika mwaka wowote ili mambo yaende haraka. Utakuta binti wa miaka 14 ameandikwa kazaliwa 1998. Hapo kinga yote imeondoka. TikTok inaruhusu akaunti kuanzia miaka 13. Aliye chini ya 16 akaunti yake huwa ya faragha tangu mwanzo na ujumbe wa siri kati yake na watu wengine haupo kabisa. Aliye chini ya 18 huwekewa kikomo cha dakika 60 kwa siku. Kwa mwaka 1998 mtandao unamhesabu mtu mzima, na mwanaume yeyote popote alipo anaweza kumwandikia. Futa akaunti hiyo, fungueni nyingine kwa mwaka wa kweli, mzazi ukiwa umekaa pembeni. Aliye chini ya 13 asifunguliwe, hata akilia.

Kile kikomo cha dakika 60 nacho kina upenyo: muda ukiisha, kijana anaweza kuingiza namba ya siri mwenyewe na kuendelea. Kwa kijana mwenye simu yake, mzazi afungue akaunti ya TikTok, aingie kwenye mipangilio, atafute sehemu ya kuunganisha familia, kisha aunganishe akaunti yake na ya mtoto kwa kuskani msimbo wa QR. Kuanzia hapo kikomo anakipanga mzazi.

Kwenye WhatsApp, nenda Mipangilio, kisha Faragha, kisha Vikundi, na uruhusu watu uliowahifadhi tu wakuongeze kwenye makundi. Usipofanya hivyo, mtu yeyote mwenye namba yako anaweza kuitupa simu anayoshika mtoto kwenye kundi la video chafu. Washa pia uthibitishaji wa hatua mbili wenye namba sita, kwa sababu matapeli hupenda kumwomba mtoto awasomee namba zilizoingia kwa meseji. Akisoma, WhatsApp ya mama imeondoka pamoja na jina lake mbele ya wanakikoba. Kila wiki fungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Ukiona kompyuta au simu usiyoijua, iondoe papo hapo.

Mtoto akiomba simu aangalie katuni, mpe katuni peke yake. Simu nyingi za Android zina kitu kinaitwa kubandika programu, kwenye mipangilio ya usalama. Ukiwasha, chagua idai namba ya siri kabla ya kutoka. Mtoto atabaki ndani ya YouTube, hatafika kwenye meseji wala kwenye hela. Namba ya siri ya pesa isiwe mwaka wako wa kuzaliwa. Hiyo anaijua, na programu za kubeti zinamsubiri.

Usiku simu ilale chumbani kwa mzazi. Bando za usiku ni rahisi, na vijana huamka saa saba kuzitumia, saa ambayo hakuna mkubwa anayeona nani anawaandikia.

Wanaowinda watoto wana mwendo unaotambulika. Huanza kwa kusifia video, kisha huomba mazungumzo yahamie WhatsApp, kisha husema "usimwambie mtu". Wapo wanaoahidi kazi Dar es Salaam na kutuma nauli mapema. Binti akitumiwa nauli na mtu ambaye familia haimjui, hilo ni jambo la kushughulikia siku hiyohiyo.

Balaa kubwa zaidi ni mtoto kutishiwa kwa picha yake ya utupu. Hapa wazazi wengi, kwa hasira, hupiga mtoto, huvunja simu na kufuta kila kitu. Ushahidi unapotea, na mtoto hasemi tena. Mwambie kwanza kwamba hutampiga. Msitume hela hata shilingi elfu mbili, kwa kuwa anayelipwa hurudi kudai zaidi. Piga skrinshoti za vitisho, namba, jina la akaunti, tarehe, na namba aliyotaka hela itumwe. Ujumbe wa kutazama mara moja haukubali skrinshoti, kwa hiyo kama ni maneno ya vitisho yaliyopigwa picha, yapige kwa simu nyingine. Ile picha ya mtoto yenyewe usiinakili wala kuirusha kwa mjomba au kundi la familia. Kusambaza picha ya ngono ya mtoto ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, hata kama nia yako ni njema.

Ukishahifadhi ushahidi, ndipo uripoti akaunti na kuizuia. WhatsApp huuliza kama mazungumzo yafutwe: ondoa hiyo alama ya tiki. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi ukiwa na simu yenyewe, au piga 116, namba ya bure ya kusaidia watoto. Picha ikihofiwa kufika Facebook, Instagram au TikTok, ingia takeitdown.ncmec.org: huduma hiyo hutengeneza alama ya kidijitali ya picha bila picha kutoka kwenye simu, na mitandao iliyojiunga huitumia kuitafuta na kuiondoa. Kwenye mazungumzo ya WhatsApp haifanyi kazi, kwa hiyo huko tegemea ripoti yako na polisi.