Maski za karatasi kwa ngozi iliyoishiwa maji: usinawe ukishaivua

Ngozi yangu ni ya mafuta. Kufika saa sita mchana pua na paji la uso vinang'aa, lakini nikinawa tu mashavu yanakaza, na vimistari vyembamba vinajitokeza chini ya macho. Kama unaijua hali hii, huenda ngozi yako ina mafuta ya kutosha ila imeishiwa maji. Ngozi kavu kwa kawaida mtu huzaliwa nayo: kwa asili hutoa mafuta machache. Kuishiwa maji humpata yeyote, hata mwenye chunusi. Kiyoyozi huchangia, na pia maji ya moto, sabuni kali au dawa za kupaka kama retinoli (aina ya vitamini A).

Hapo ndipo maski za karatasi zinaponifaa, na nazipenda kwa dhati. Karatasi yenyewe haitibu kitu. Inaifunika seramu, yaani yale majimaji ya kulainisha ngozi iliyoloweshwa nayo, isikauke upesi, hivyo tabaka la juu la ngozi linapata muda wa kunywa maji. Likishalowana, linajaa, vimistari vya ukavu vinafifia na uso unakuwa laini. Ila maji hayo hayakai. Ukiyaacha wazi yanapotea hewani, na baada ya saa chache unarudi palepale.

Kwa hiyo ukishaivua maski, tafadhali usinawe. Pigapiga seramu iliyobaki kwa ncha za vidole, nyingine ipake shingoni, kisha, uso ukiwa bado na unyevu, paka krimu. Mimi huchagua yenye seramidi, kwa kuwa seramidi ni sehemu ya ukuta wa asili unaozuia maji kutoka kwenye ngozi. Aliye na ngozi kavu kabisa anaweza kumalizia na mafuta ya mgando, kiasi kidogo mno, pale panapokaza. Hatua hii ya krimu ndiyo wengi huiruka, halafu wanailaumu maski.

Muda ni dakika 15 hadi 20. Usilale nayo; kingo zikianza kukauka, ivue.

Dukani mimi husoma nyuma ya pakiti kwanza. Viambato huorodheshwa kuanzia kilicho kingi, kwa hiyo naitafuta gliserini karibu na mwanzo. Asidi ya hayaluroniki, kiambato kingine kinachovuta maji, ndiyo inayoandikwa mbele kwa herufi kubwa, na ni nzuri kweli, lakini gliserini ni ya bei nafuu na inavuta maji vizuri sana. Nikiona panthenoli au alovera, vinavyotuliza ngozi, nafurahi zaidi. Nikikuta alkoholi ya kukausha juu kwenye orodha, au manukato mengi, pakiti narudisha rafuni. Ngozi iliyoishiwa maji huwashwa upesi, na ule ubaridi wa minti ambao watu huusifia, kwangu huleta wekundu. Maski mpya ijaribu kwanza: tone la seramu upande wa ndani wa mkono, usubiri hadi kesho yake.

Mara moja au mbili kwa wiki inatosha. Usiku wa maski nauacha uwe wa maski tu, bila skrabu wala asidi za kuondoa ngozi iliyokufa. Pakiti ikishafunguliwa, tumia yote siku hiyo. Seramu inayobaki usiihifadhi, imeshaguswa na vidole na vijidudu. Maski za jeli hushika uso vizuri kuliko za pamba na huburudisha zaidi, lakini kama orodha ya viambato ni ileile, sioni sababu ya kulipia tofauti kubwa.

Na kama huwezi kununua maski kila wiki, usihuzunike. Seramu ya chupa yenye gliserini, ikipakwa kwenye uso wenye majimaji na kufunikwa na krimu kila jioni, imenisaidia kuliko maski moja ya nadra. Lakini uso ukiendelea kuwasha, kubanduka au kupasuka licha ya hayo yote, nenda kwa daktari wa ngozi, maana huenda ni ukurutu, nao unahitaji dawa.