Babu aliacha siri kwenye daftari, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi niko Moshi, kwetu Kibosho. Babu yangu alipigana vita vya Kagera, kafariki mwaka jana, na tulipokuwa tunapanga vitu vyake kwenye sanduku la bati nikakuta daftari la mashairi, mengi ya kusifia jeshi na Mwalimu Nyerere, ila katikati kuna beti mbili za penseli wakati kwingine kote katumia peni:

Tulipovuka mtoni
Kulikuwa na jirani
Nilimwacha migombani
Sikurudi kumzika

Mamaye akauliza
Nami nikamtuliza
Ukweli nikaumeza
Haujapata kutoka

Huyo jirani tunamjua, kwao na kwetu tunachota mfereji mmoja, na miaka yote tuliambiwa babu alimzika kwa mikono yake kule Uganda. Mama yake alikufa akiamini hivyo. Dada yake bado yupo. Baba mdogo anasema nichome, ni aibu ya ukoo. Na kwanini babu hakusema tu wazi?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Usichome.

Nimezisoma hizo beti usiku mzima asee. Utenzi unaujua, kila mstari mizani nane, yani silabi nane, mitatu ya kwanza inaimba kina kimoja na wa nne unabeba kile kinachorudi mwanzo mpaka mwisho. Sasa babu kwenye wa nne kaweka nini? Kumzika, kutoka. Mtu hakuzikwa na ukweli haukutoka, kavifunga pamoja kwa -ka moja, na mtu aliyehesabu mizani kwa vidole hafanyi hivyo kwa bahati mbaya. Halafu hakusema askari mwenzangu, kasema jirani, yani mtu wa mbali akisoma anapita tu lakini nyie wa mfereji mmoja mnashtuka. Na ile migombani inaniumiza kuliko yote, kwasababu alikomwacha ni migomba na alikorudi kuishi ni migomba, kila asubuhi akifungua mlango anaiona.

Kusema wazi angeanzia wapi? Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979, wanajeshi wakarudi wanashangiliwa, nani atasimama pale aseme nilimwacha mwenzangu? Na nyie Wachagga mtu wenu akifa analala kihambani kwao, kwenye shamba la ukoo, mama anakuuliza mwanangu kalala wapi, unamjibu nini. Simtetei. Ule ulikuwa uongo na ulimnyima yule mama haki yake, tuuite hivyo hivyo. Ila angetaka siri ife naye asingeiandika.

Kuna mshairi wa Urusi, Anna Akhmatova, enzi za Stalin mwanae alifungwa, yeye akasimama foleni za gerezani Leningrad miezi 17. Mashairi ya ile foleni alikuwa anayaandika kwenye kikaratasi, rafiki anasoma kimya anakariri, kisha kikaratasi kinachomwa palepale. Kwao yalikuja kuchapwa 1987, mwenyewe kashafariki tangu 1966. Wao walichoma kwasababu maneno yalishaingia kichwani mwa mtu. Ya babu yako nani kayakariri? Wewe tu.

Basi nenda kwa huyo dada mtu. Usiyasome kwenye kikao cha ukoo, na tafadhali usimtumie picha kwa WhatsApp. Mwombe mzee mmoja wa kwenu anayeheshimika upande ule akuongoze, mwende na jani la isale mkononi kama ilivyo desturi yenu ya kuomba msamaha, maana mnaomba kwa niaba ya aliyetangulia. Baba mdogo mwambie kabla hujaenda, akikataa kuja mwache, ila asije akasikia kwa watu. Mkifika soma beti zote mbili polepole, halafu nyamaza. Akilia mwache alie, akikufukuza ondoka kwa adabu, usianze kueleza babu alikuwa mtu mzuri kiasi gani, siku hiyo si ya babu. Akitaka kujua zaidi msaidie kuwatafuta wazee waliokuwa kikosi kimoja na babu wakiwa bado hai, na akipenda msindikize mpaka makaburi ya mashujaa kule Kaboya, Muleba, hata kama ni kwenda kusimama tu.

Na kabla ya yote zipige picha zile kurasa leo leo, penseli inafutika.