Kabla Hujaosha Vifungo vya Bibi

Bibi yangu alikuwa fundi cherehani Mikindani tangu mimi sijazaliwa. Alipofariki, cherehani ilikwenda kwa mama mdogo, mimi nikapewa mkebe wa biskuti uliojaa vifungo. Kila msimu wa korosho, watu wakishapata hela za kushonesha, bibi alikuwa akikata vifungo kwenye makoti na magauni yaliyochakaa na kuvitumbukiza humo. Hakutupa hata kimoja.

Kwa furaha nikavimwaga vyote kwenye beseni, nikatia maji, sabuni na ndimu mbili, nikalala. Asubuhi vile vya lulu vilikuwa vimefubaa, na vyekundu viwili nilivyovipenda sana vimevimba na kufanya nyufa. Nililia. Kwa hiyo ukirithi mkebe kama huu, kwanza ujue kila kifungo kimetokana na nini, ndipo ufikirie kukiosha.

Anza na shavu. Futa kifungo kwa kitambaa kikavu, kibandike shavuni. Gamba la chaza, kioo na chuma vina ubaridi wa mtungi. Plastiki haina ubaridi huo. Hivi tunavyoviita vya lulu ni gamba la chaza lenyewe, na mara nyingi ukikigeuza utaona mgongo una mkwaruzo au alama ya kahawia ya ganda. Gamba hilo ni la jamii ya chokaa, na ndimu au siki hula chokaa. Ndiyo maana vyangu vilifubaa, na mng'ao wake haukurudi.

Vyeusi ndivyo vinavyochanganya. Vinyanyue juani. Cha pembe ya ng'ombe kwenye ukingo mwembamba mara nyingi hupitisha mwanga wa rangi ya asali. Mpingo haupitishi kitu, nao ukiutia majini unazama, tofauti na miti mingi. Cha kioo ni kizito, na ukikigonga taratibu na kijiko kinalia.

Vyeupe vinataka lenzi ya kukuzia. Mfupa una vidoa vidogo na vijistari vyeusi, ndiko mishipa ya damu ilikopita. Kuna pia vya mbegu ngumu ya mti wa Amerika ya Kusini, wa ukoo wa mnazi, ambavyo watu huvidhania pembe ya ndovu. Pembe ya ndovu yenyewe ina mistari inayokatana kama wavu. Ukiiona hiyo, usiiuze wala usiipeleke popote kwa siri: Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kumiliki nyara bila kibali. Nenda ofisi ya wanyamapori ukaulize.

Sasa plastiki za zamani, na hapa pua ndiyo fundi. Sugua kifungo kwa kidole gumba mpaka kipate joto, kisha nusa. Kikinuka karafuu maiti, hiyo ni seluloidi. Harufu ile kwetu hatuwezi kuikosea, tumeijua misibani, na kwa kweli ndiyo hiyo hiyo, maana seluloidi ilitengenezwa kwa kafuri. Kikinuka dawa ya hospitali baada ya kukichovya kidogo kwenye maji ya moto, yaelekea ni Bakelite, aliyoibuni Leo Baekeland mwaka 1907. Na kikitoa harufu ya maziwa yaliyoungua, ni kaseini, plastiki iliyotokana na maziwa. Jina lake moja la biashara, Galalith, lilitokana na maneno ya Kigiriki ya maziwa na jiwe. Kaseini hunywa maji. Vile vyekundu vyangu vilikuwa kaseini, na mimi nimevilaza majini usiku kucha! Kichovye kwa sekunde chache tu, ukikaushe hapo hapo.

Utasikia watu wakikwambia uchome kifungo kwa sindano ya moto. Usifanye. Seluloidi inashika moto upesi mno, tena hata kisipowaka, umeshakitoboa kitu ambacho bibi yako alikitunza miaka yote hiyo.

Vya chuma na shaba havina kazi kubwa: sumaku hunata kwenye chuma, shaba inaiacha.

Ukishavitambua, vitenge. Seluloidi inapozeeka hutoa mvuke unaokula chuma na kuharibu vifungo vya jirani, na joto la pwani yetu huharakisha mambo. Mimi nimeitoa kwenye mkebe, naiweka kwenye bahasha ya karatasi mahali penye hewa, mbali na jiko. Vingine nimevifunga kwenye vipande vya kitambaa, kila jamii na chake.

Vya lulu vilivyosalimika, kwa kuwa vilikuwa vimejificha kwenye kikopo cha uzi, ni vinne. Nimevishona kwenye gauni la Idi la binti yangu, kwa uzi ulegevu kidogo, na kila gauni likienda kufuliwa navifumua kwanza.