Kuvimba chini ya taya wakati wa kula
Umesema panavimba chini ya taya kila ukianza kula, halafu panapungua penyewe. Mara nyingi hicho ni kijiwe kwenye mfereji wa tezi ya mate. Tezi kubwa ni jozi 3: mbele ya masikio, chini ya taya, chini ya ulimi. Ya chini ya taya ndiyo hupata vijiwe zaidi, kwani mate yake ni mazito na mfereji wake unapanda. Inua ulimi mbele ya kioo uone vinundu 2 vidogo nyuma ya meno ya chini. Mate ya tezi hiyo ya chini ya taya hutokea hapo. Chakula kikija tezi inamwaga mate, njia imeziba, basi panajaa. Kunywa maji mengi, mwone daktari apapase. Ukiona homa au usaha, usisubiri.