Majivu ya Pumba za Mpunga na Mafuta ya Kula

SWALI: Mhariri, ninamiliki mashine ndogo ya kukamua alizeti mkoani Singida. Mafuta yangu hutoka na rangi nzito na kuacha mashapo chini ya dumu. Nimeambiwa kwamba majivu ya pumba za mpunga husafisha mafuta, na jamaa yangu mchoma matofali anayo tele. Je, niyatumie?

JIBU: Uliyoambiwa ni kweli, ila si kwa majivu ya tanuri la matofali. Pumba zikiungua hadi kuwa majivu meupe, sehemu kubwa ya majivu hayo, mara nyingi zaidi ya asilimia 85, huwa silika, yaani madini yale yale ya mchanga, na silika iliyopatikana kwa moto wa nyuzi 500 hadi 700 za Selsiasi ina vitundu vidogo mno vinavyonasa rangi, mabaki ya sabuni na utomvu wa mafuta. Moto wa tanuri hupita kiwango hicho. Silika hugeuka fuwele, hupoteza uwezo huo, na vumbi lake hudhuru mapafu ya anayelivuta.

Hata majivu mazuri hayamwagwi tu ndani ya mafuta. Huoshwa kwanza kwa asidi, kisha kwa maji safi, ili kuondoa potashi, yaani chumvi kali ya majivu, na madini mengine, kwa sababu potashi ikikutana na asidi huru za mafuta hutoa sabuni. Ndiyo maana majivu ya maganda ya ndizi, yenye potashi nyingi, yanamfaa mtengeneza sabuni kuliko wewe. Baada ya hapo hukaushwa, huchanganywa na mafuta kwa kiasi cha asilimia 1 au 2, hupashwa moto wa nyuzi 90 hadi 110 kwa takriban nusu saa bila hewa kuingia, kisha mafuta huchujwa hadi majivu yote yaishe.

Kwa mashine ndogo, kwa maoni yangu, gharama hiyo haina maana. Mashapo unayoyalalamikia kwa kawaida ni utomvu, nta na chembechembe za mashudu, wala hayahitaji majivu: pasha mafuta hadi nyuzi 70 hivi, ongeza maji ya moto asilimia 2 au 3, koroga taratibu, yaache yatulie, tenga, kausha maji yaliyosalia, kisha chuja kwa kitambaa kizito. Rangi ya dhahabu iache. Wateja wengi wa alizeti huifuata hiyo hiyo.

Ukiamua kujaribu majivu, yaliyokwisha kutumika usiyarundike karibu na ghala, kwani majivu yaliyolowa mafuta huweza kupata joto yenyewe hadi kuwaka.