Nianze na zana gani? Jibu kwa meneja mpya wa bidhaa za kidijitali

SWALI: Nimefanya kazi ya huduma kwa wateja miaka mitatu. Sasa kampuni yetu hapa Kampala imenikabidhi programu ya simu ya kuwasaidia wenye maduka ya rejareja kuweka hesabu. Watu wanajisajili, kisha wanapotea. Wenzangu wanasema tulipie kwanza Jira, ya kupanga kazi za wahandisi, na Mixpanel, ya kupima jinsi watu wanavyotumia programu. Wewe unatumia zana gani, na unafuata kanuni zipi?

JIBU: Dada, hongera. Miaka mitatu ya kusikiliza malalamiko ni mtaji. Tayari unaijua sauti ya mteja aliyekwama.

Zana ninayoipenda kuliko zote ni daftari, na hasa daftari la mteja. Niliwahi kusimamia programu ya mawakala wa pesa za simu. Tulimaliza miezi miwili tukitengeneza kurasa za ripoti zenye michoro, na karibu hakuna aliyezifungua. Nikaenda Kikuubo, mtaa wa biashara hapa Kampala, nikakaa na wakala mmoja kutwa nzima. Kila muamala alioufanya kwenye simu aliuandika tena kwenye kaunta buku: jina, namba, kiasi, sahihi ya mteja. Sahihi ile ndiyo iliyomkinga mtu akirudi kudai hakupewa pesa yake, na programu yetu haikuwa na mahali pa kuiweka. Daftari lilitushinda kwa haki. Tangu hapo sichori kitu kabla ya kuomba nionyeshwe daftari linalotumika sasa, na safu zake ndizo ninazoanza nazo.

Kuhusu wanaopotea, Mixpanel itasubiri. Fungua Google Sheets, jedwali la mtandaoni. Kila mstari uwe wiki moja ya usajili, na safu ziwe wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne tangu wajisajili. Katika kila kisanduku weka asilimia ya watu wa mstari huo walioingiza mauzo angalau mara moja wiki hiyo. Usiwahesabu waliofungua programu tu, kwani kufungua si kutumia. Tuseme walijisajili 100, wakaandika mauzo 60 wiki ya kwanza, na wiki ya nne wamebaki 12: hao waliingia, wakaonja, wakaona daftari lao ni bora. Lakini kama wiki ya kwanza wako 15 tu, basi wamekwama mlangoni. Pengine fomu ni ndefu, au namba ya uthibitisho haifiki. Ni maradhi mawili, na dawa zake hazifanani. Jumla ya waliojisajili, ile namba inayopendwa vikaoni, haikuonyeshi hata moja, kwa sababu haishuki kamwe.

Kama tatizo ni mlango, punguza maswali. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka ukusanye taarifa zinazohitajika tu, na mtu anayeandika mauzo ya sukari hahitaji kukupa picha ya kitambulisho. Angalia na maneno pia: mwenye duka anayesema “amagoba”, yaani faida kwa Kiganda, hatabonyeza kitufe chenye Kiingereza cha wahasibu.

Jira ni nzuri wahandisi wakiwa wengi. Mkiwa wachache, Trello, ubao wa kazi wa mtandaoni, wenye safu tatu inatosha. Figma, ya kuchora kurasa za programu, ninaitumia kila siku, ila mchoro naujaribu kwenye simu ya bei nafuu, juani. Na kama wateja wako wengi wana katochi, simu ndogo ya vitufe, fikiria mapema USSD, yaani menyu za kubonyeza namba kama *123# bila intaneti. Skrini moja ina nafasi ya herufi 182 tu, kwa hiyo andika menyu kwenye karatasi kwanza.

Jumamosi hii, mauzo yakiwa mengi, nenda kakae kwenye duka la mmoja wa waliopotea. Nenda na mhandisi mmoja. Msimfundishe, msimsaidie. Andikeni saa, na kilichotokea, kila anapoweka simu chini na kushika kalamu.